Hewa Isiyofika Nafasi ya Mwisho

Fundi Mkuu alikuwa na masikio, na alitaka kila mtu ajue kwamba anayo. Lori likiingia yadi na ugonjwa wake, aliinua kidole kimoja na sote tukanyamaza: mafundi, madereva, hata mama wa chai. Mtu alikimbia kuzima kompresa, ile mashine ya kubana hewa. Fundi Mkuu aliinamisha kichwa, akafumba jicho la kushoto, akasikiliza injini ikinguruma peke yake, kisha akasema, "Beringi ya nyuma, upande wa dereva." Wakifungua, ni beringi hiyo hiyo. Nayasema haya mwanzoni ili mtu asidhani namnyima kilicho chake. Nina kisasi naye na sikifichi, lakini nitamweleza mzima mzima. Atakayemchukia baada ya hapa amchukie kwa haki.

Yadi yenyewe iko kando ya barabara kuu ya Mombasa, ukishatoka mjini Voi. Ni paa moja refu la mabati lenye nafasi sita za malori, zimepangwa mstari mmoja. Kompresa ilikaa upande wa lango, ndani ya kizimba cha wavu, na bomba la hewa lilitoka hapo likaambaa ukutani hadi nafasi ya sita. Mimi nilikaa katikati, kwenye dirisha la stoo ya spea, nikitoa filta na mikanda. Mdogo wangu Mwakio alikuwa fundi wa magurudumu katika nafasi ya mwisho, kule ambako paa linaishia na vumbi jekundu linaanza.

Fundi Mkuu alivaa koti la kaki lililopigwa pasi hadi mikono ikawa na mikunjo miwili mikali, na katika miaka yote niliyokaa dirishani sikuwahi kuona doa la grisi juu yake. Mafundi walikuwa weusi hadi kwenye nyusi, yeye anang'aa kama anayekwenda kubatizwa. Usidhani alikuwa mvivu. Aliweza kulala chini ya trela na akatoka safi, sijui kwa dawa gani. Chai aliitaka ya moto sana, kisha akaipuliza kwa kelele mpaka wateja wakageuka. Na hakuketi kamwe kula. Alisema mtu akiketi, kazi nayo inaketi.

Tulikuwa majirani pia, huko Kaloleni, mtaa wa Voi. Jumapili aliimba besi kanisani, sauti nzito iliyotikisa benchi tuliloketi. Mama yetu alipozidiwa, ni yeye aliyekuja na lori la mteja, trela likiwa bado limefungwa nyuma, akalipitisha kwenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni huvihofia, akamfikisha hospitali. Alimbeba mikononi mwenyewe. Mwakio alimpenda tangu siku hiyo. Alikuwa akimwiga hadi kufumba jicho la kushoto.

Ndiyo maana nasema ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya tu. Mtu mbaya tu unamsahau.

Sasa nieleze jinsi alivyofundisha kukaza nati, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipoanzia. Nati za gurudumu la lori hukazwa kwa bunduki ya hewa, mashine nzito inayoshikwa kwa mikono miwili na kulishwa na mpira wa hewa kutoka kwenye bomba. Inapozungusha nati iliyolegea, hulia kwa kukimbia. Nati ikifika, mlio hubadilika, unakuwa wa kugonga, tena wa kugonga palepale. Kwingineko fundi akimaliza kwa bunduki huchukua spana ndefu ya kupimia, ile inayotoa kishindo kidogo nati ikifikia nguvu inayotakiwa, akahakikisha moja baada ya nyingine. Kwetu haikuwa hivyo. Fundi Mkuu alimsimamisha kila fundi mpya mbele ya gurudumu, akamfunga macho kwa kitambaa, akamwambia, "Usitazame. Sikiliza. Mlio ukitulia, hesabu hadi tatu, achilia. Hiyo imefika." Aliyepita mtihani huo alipewa mkono mbele ya wote. Mwakio alipita siku ya kwanza, na jioni alituhadithia mpaka ugali ukapoa.

Spana ya kupimia ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kabati lake, imeviringishwa kitambaa cha flana, na kufuli juu. Aliitoa tu wakija watu wa bima au wenye malori wakubwa kutoka Nairobi. Hapo aliishika kama mchungaji anavyoshika kikombe cha ushirika, akakaza nati moja, ikalia kishindo, wageni wakaitikia kwa vichwa, ikarudishwa kabatini. Nilimuuliza siku moja kwa nini isikae kwa Mwakio. Alicheka.

"Binti yangu, ile ni ya wasio na masikio," akasema. "Sikio halihitaji betri."

"Lakini haina betri, Fundi Mkuu."

"Basi ndiyo hiyo hiyo."

Bomba la hewa alilitandika yeye mwenyewe. Mwanzoni yadi ilikuwa na nafasi tatu, na bomba lake lilikuwa nene, la kutosha. Walipoongeza nyingine tatu, Fundi Mkuu aliunganisha kwa bomba jembamba la nusu inchi lililobaki kwenye kazi ya maji, akalipindisha kwa kona nyingi ili likwepe nguzo na dirisha langu la stoo. Alijivunia kona zile. Mafundi wa mwisho wakilalamika kwamba bunduki zimechoka, alitembea taratibu hadi kwenye kizimba cha kompresa, akagonga kioo cha geji kwa ukucha, akarudi na jibu lilelile: "Presha iko. Hewa ni hewa. Shida iko wapi?" Na kweli, sindano ya geji ilikuwa juu. Nani angebishana na sindano?

Halafu magurudumu yakachomoka. Lori lilikuwa limetoka kwetu asubuhi, limejaa saruji, na lilipofika Maungu magurudumu mawili ya nyuma yaliachana nalo. Moja liliishia vichakani. Jingine liliruka hadi kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akiuza matikiti kando ya barabara, likamvunja mguu. Lori lile lilikuwa limefungwa magurudumu nafasi ya sita, na aliyelifunga ni Mwakio.

Fundi Mkuu alituita wote chini ya paa. Aliinua kile kidole chake na kompresa ikazimwa. Nilidhani atauliza kilichotokea. Hakuuliza. Alimtazama mdogo wangu, akasema kwa sauti ile ile ya besi, "Huyu hana sikio. Nilimfundisha, lakini sikio huwezi kumpa mtu." Mwakio alifungua kinywa kujibu. Fundi Mkuu alikuwa bado ameinua kidole. Mwakio akafunga kinywa, akavua ovaroli palepale, akatoka nje kwa fulana.

Mambo yale mengine yote ningeyameza. Kufukuzwa kazi si kifo. Lakini neno lile lilimtangulia kila alikokwenda. Aliingia gereji moja mjini, wakamuuliza, "Si wewe ndiye yule hana sikio?" Aliingia nyingine, wakamtajia neno hilo hilo wakicheka. Alikwenda hospitali akapiga magoti kando ya kitanda cha yule mama wa Maungu, akamwomba msamaha kwa nati ambazo alizikaza kama alivyofundishwa. Mama yule akamsamehe, maskini, naye Mwakio akaamini kwamba ana kosa la kusamehewa. Mwisho alihamia Mata, upande wa Taveta, akaanza kulima ndizi katika shamba la watu. Mpaka leo hajagusa spana. Baiskeli yake ikiachia mnyororo, humwita jirani.

Nami nilibaki dirishani. Kila Jumapili nilimwamkia Fundi Mkuu kwenye mlango wa kanisa.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba, binti yangu. Mwakio anaendeleaje huko?"

Anauliza kwa macho makavu! Nilimjibu hajambo, na moyoni nilimwombea mambo ambayo hayaombwi kanisani.

Jambo moja lilinikereketa. Wiki chache baada ya Mwakio kuondoka, Fundi Mkuu aliamuru nafasi ya sita isifungiwe magurudumu tena. Ikawa ya kuosha malori. Alisema ni kwa sababu ya mteremko, maji yatatoka vizuri. Mteremko ulikuwepo tangu zamani. Nililiweka jambo hilo kichwani, likakaa.

Niliacha stoo, nikaenda kusoma mitambo katika chuo cha ufundi. Watu walisema nimechelewa, mwanamke mtu mzima anakaa na watoto darasani. Siku tuliyofika kwenye mifumo ya hewa iliyobanwa, mwalimu alituuliza geji inapima nini. Tukajibu kwa sauti moja, hewa. Akasema hapana. Geji inapima msukumo. Wingi wa hewa inayopita ni kitu kingine, na unaweza kuwa na msukumo mkubwa kwenye tanki huku mtu wa mwisho hapati kitu. Nilielewa kabla hajamaliza, kwa sababu nimekulia Kaloleni. Unafungua bomba la maji asubuhi, linapiga kishindo na kukurushia maji usoni, ukadhani leo yapo, halafu majirani nao wanafungua ya kwao na wewe unabaki na uzi. Bomba likifungwa, presha iko. Likifunguliwa na kila mtu, ndipo unapojua. Niliinuka nikatoka nje ya darasa, nikasimama kwenye jua.

Tangu siku hiyo sikusoma ili nifaulu. Nilisoma ili nimpate.

Na hesabu yenyewe si ngumu, hilo ndilo linaloniuma. Tanki letu lilikuwa la lita mia tano. Ukitaka kujua bunduki moja inakunywa hewa kiasi gani, unalijaza tanki, unazima kompresa, unafyatua bunduki na kutazama sindano. Kila mara sindano inaposhuka ba moja, yaani alama moja ya msukumo, hewa iliyotoka ni sawa na tanki zima la hewa ya kawaida, hii tunayovuta puani. Ikishuka ba mbili kwa dakika, bunduki imekunywa lita elfu moja kwa dakika. Sasa hesabu bunduki zote zinazolia pamoja, ongeza mashine ya rangi, ongeza mpira wa kupulizia vumbi, ongeza hewa inayovuja kwenye viungo usiku na mchana. Hiyo ndiyo hewa inayotakiwa kupita bombani. Kisha utazame bomba: urefu wake, na kila kona unaihesabu kama urefu wa ziada, kwa sababu kona humchosha anayepita. Hewa ikiongezeka mara mbili katika bomba lilelile, msukumo unaopotea njiani huwa karibu mara nne. Na bomba likipunguzwa upana kwa nusu, upotevu hupanda mara thelathini na zaidi. Fundi Mkuu alilipunguza kwa nusu. Nilipiga hesabu hiyo kwa nafasi ya sita, nikairudia, nikaipiga tena kwa njia nyingine nikitumaini nimekosea. Yadi nzima ikiwa kazini, bunduki ya Mwakio ilikuwa ikipata chini ya nusu ya msukumo wake. Bunduki yenye njaa haikazi, lakini inalia. Mlio wake hubadilika mapema, unatulia vizuri kabisa, na nati bado haijafika. Mdogo wangu alisikia sawasawa kila alichofundishwa kusikia.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumwendea Fundi Mkuu siku hiyo hiyo na karatasi zangu. Kwa sababu angeinua kidole. Namjua. Angesema hewa ni hewa, na wangecheka. Nilitaka siku ambayo kidole kile hakitamsaidia, nikangoja. Nilipata kazi ya kufunga mifumo ya hewa, nikafunga kwenye viwanda na gereji hadi Mombasa, na jina langu likafika nyumbani kabla yangu. Fundi Mkuu alistaafu. Magoti yalimwisha, besi ikabaki. Kijana wa mwenye yadi akachukua uongozi, akanipigia simu: nafasi za mwisho hazifanyi kazi vizuri, nije nimtengenezee upya.

Nilitandika bomba nene kuzunguka paa lote, nikaliunganisha kuwa duara ili hewa ije kutoka pande mbili. Lakini bomba la zamani sikuling'oa. Nililiacha ukutani, limeunganishwa, na kona zake zote. Kijana huyo alipotaka tufanye shughuli ndogo ya kuzindua, nikamwambia itapendeza Fundi Mkuu wa zamani awe mgeni wetu. Alifurahi. Akasema nina moyo mzuri.

Fundi Mkuu alikuja na koti la kaki, mikunjo ya pasi mikononi. Mafundi walimpigia makofi, hata vijana wasiomjua. Nilimpeleka nafasi ya sita, ambako nilikuwa nimeegesha lori na kulegeza nati za gurudumu la nyuma.

"Shikamoo, Fundi Mkuu," nikasema ili wote wasikie. "Vijana hawa hawajawahi kukuona ukikaza kwa sikio. Tunakuomba."

Alitabasamu. Mutua, fundi mkongwe wa nafasi ya kwanza, alimsaidia kuinua bunduki. Mpira wake nilikuwa nimeuchomeka kwenye bomba la zamani. Nikawapa ishara wengine, na bunduki zote za yadi zikaanza kulia, mashine ya rangi nayo ikafunguliwa, kama siku yoyote ya kazi. Mzee akafumba jicho la kushoto. Akakaza nati zote, moja moja, akihesabu hadi tatu kwa midomo.

"Zimefika?" nikamuuliza.

"Zimefika, binti yangu."

Nikampa spana ya kupimia. Ilikuwa mpya, ya kwangu. "Basi wapimie, waone."

Aliiweka kwenye nati ya kwanza, akavuta. Nati ikazunguka. Akavuta tena, ikazidi kuzunguka, na kishindo hakikutoka. Mutua akasema polepole, "Ngai, Mungu wangu, hii ingemwaga watu." Ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Kelele za bunduki zilikuwa zimeisha zenyewe. Hakuna aliyeinua kidole, lakini yadi nzima ilinyamaza.

Nikazilegeza tena nati zile. Nikachomoa mpira kwenye bomba la zamani, nikauchomeka kwenye jipya, nikamwomba akaze tena huku wote wakifanya kazi. Akakaza. Akapima, na spana ikatoa kishindo papo hapo. Kwa mara ya kwanza nikaona grisi kwenye lile koti, alama nyeusi ya vidole vyake mwenyewe kifuani.

"Mwakio alifungia wapi, Fundi Mkuu?" nikamuuliza.

"Hapa."

"Kwa bomba lipi?"

Alilitazama lile la zamani ukutani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumbana akikataa. Hakukataa.

"Nilijua," akasema. "Magurudumu ya lile lori yalipochomoka, nilibaki hapa jioni na ile spana yangu. Nikapima lori lililofuata. Zilikuwa hivi hivi."

"Ndiyo ukapafanya pa kuosha."

"Ndiyo."

"Na Mwakio?"

"Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu. Ningerudi vipi nyuma, mama?"

Nilitegemea kusikia kwamba hakujua. Miaka yote nilimchukia kwa ujinga wake na kiburi chake, kumbe nilimchukia kidogo. Watu wanasema kisasi hakina ladha ukikipata. Waongo. Nilimtazama mzee yule mbele ya mafundi aliowafunga macho kwa kitambaa, na ilikuwa tamu hadi kwenye meno.

Nikatoa simu, nikampigia Mwakio, nikaweka sauti kubwa, nikaiweka mkononi mwa Fundi Mkuu. Mwakio alipokea akiwa shambani. Tulisikia maji ya mfereji na mtoto akiita kuku.

"Dada?"

"Ni mimi, Fundi Mkuu," mzee akasema. "Mwakio, zile nati hazikuwa kosa lako. Hewa haikuwa inafika. Kosa lilikuwa langu, na nililijua."

Kisha Mwakio akasema, "Ngoja kidogo, Mzee." Tukamsikia akitembea, akimwita mkewe, akiwaita watoto na majirani aliokuwa akilima nao. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama wima.

"Sema tena. Watu wangu wako hapa."

Fundi Mkuu akasema tena, yote.

"Kuna aliyekuwa mbali, hajasikia. Sema tena, Mzee."

Besi ilikuwa imekatika. Alisema mara ya tatu kwa sauti nyembamba, machozi yakimdondokea kwenye kola, na alipomaliza akaongeza, "Nisamehe, mwanangu."

Upande wa pili yalisikika maji tu. Halafu hata maji hayakusikika. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pake, nikaona kioo cha simu kimezima; Mwakio alikuwa amekata. Fundi Mkuu aliendelea kuishika mbele ya mdomo wake, kichwa kimeinama, jicho la kushoto limefumbwa, akisikiliza kwa makini. Mutua alinitazama. Nikamwacha mzee asikilize.